Vipele vya embe sio "joto"

Msimu wa maembe hapa Tabora, mtoto akitoka malengelenge mdomoni utasikia tu "embe lina joto, na usimguse atakuambukiza", jamani hapana. Kinachounguza ni utomvu, ule unaochuruzika kwenye kikonyo ukilichuma, una kemikali za jamii moja na za poison ivy, ule mmea wa Marekani unaowasha, maana mwembe na mkorosho ni ndugu zake kabisa. Vipele huchelewa siku moja mbili hivi ndo maana watu hawaunganishi. Maji ya lengelenge hayaambukizi, ila utomvu uliobaki kwenye kucha au shati ndo unasambaza. Nawa na sabuni mapema, menya ganda (sisi wa kung'ata na maganda ndo wateja wakubwa), kalamaini (losheni ya kupaka kwenye ngozi) inapunguza muwasho, macho yakivimba nenda hospitali.