Karati nyingi, faida kidogo: jinsi ya kupima makadirio ya hisa za vito vya maabara

Malipo ya tumbaku yakishatoka, simu za watu hapa Tabora hujaa jumbe za uwekezaji. Mmoja ulioletwa ofisini kwetu ulisifu hisa za kampuni ya ng'ambo inayotengeneza vito maabara: mauzo yatakua kwa asilimia 30 kila mwaka, kwa hiyo bei ya hisa itakaribia mara tatu ndani ya miaka minne.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Kasoro ni kwamba haisemi kila karati, yaani kipimo cha uzito wa vito, itauzwa bei gani. Mkulima wa Urambo analijua hili vizuri: kilo kuongezeka ni jambo moja, gredi na bei ya sokoni ni jingine.

Tuchukue kampuni ya kubuni. Inauza karati 100,000 kwa dola 100 kwa karati, kila moja ikigharimu dola 30 kuitengeneza. Inabaki na dola milioni 7. Ikiwa na hisa milioni 10, kila hisa ina senti 70, na wanunuzi wakikubali kulipa mara 15 ya faida hiyo, hisa ni dola 10.50. Sasa karati zifike 200,000, lakini ushindani ushushe bei hadi dola 40. Mauzo ni milioni 8, gharama milioni 6, kinachobaki milioni 2. Kwa kipimo kilekile hisa ni dola 3. Na hapo sijagusa mishahara wala kodi.

Je, bei hushuka hivyo kweli? Almasi ya Mwadui, hapo jirani Shinyanga, huchimbwa ilipo tu. Ya maabara hutengenezwa na yeyote mwenye mtaji wa mashine na umeme. Moissanite, kito cha silikoni kabidi, kwa miaka mingi kililindwa na hataza (haki za kisheria za kuzuia wengine kuiga uvumbuzi) za kampuni ya Marekani, Charles & Colvard; ulinzi huo ulipokwisha nchini humo mwaka 2015, washindani wakaingia. De Beers, kampuni kubwa ya almasi, nayo ilianzisha chapa ya Lightbox mwaka 2018 ikiuza almasi za maabara kwa dola 800 kwa karati. Mwaka 2025 ikatangaza kuifunga.

Mimi nikipewa hesabu za kampuni ya aina hii, naanza na mali iliyo ghalani. Vito haviozi, hivyo ni rahisi kuvilimbikiza huku vikihesabiwa kwa gharama ya zamani. Mali ya ghalani ikikua haraka kuliko mauzo, jiulize nani atainunua. Bei ya soko ikishuka chini ya gharama, kanuni za uhasibu zinalazimu thamani hiyo ipunguzwe, na hasara huingia yote mwaka huohuo.

Aliyekutumia makadirio muombe taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitatu. Akitaka utume pesa kwanza, ulizia leseni yake kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.