Kwaresima si Ramadhani ya Wakristo

Hapa Unguja, Mkristo akionekana anakula mchana wakati wa Kwaresima, zile siku 40 za kujiandaa kwa Pasaka, huulizwa, "Mbona leo hukufunga?" Swali ni la heri, lakini linaipima Kwaresima kwa mizani ya Ramadhani.

Kwaresima haina daku wala futari. Kwa Wakatoliki, kama wale wa kanisa la Minara Miwili, kufunga chakula ni lazima Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili na miwili midogo. Ijumaa nyingine huachwa nyama. Na zile siku 40 hazihesabu Jumapili, maana kila Jumapili ni sikukuu ya ufufuko.

Njaa si kiini chake. Safari yote inaelekea kwenye meza ya Alhamisi Kuu, Yesu alipomega mkate na kuagiza, "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba walio wengi ni mwili mmoja, kwa kuwa washiriki mkate mmoja. Nadhani hakuna mahali neno hilo lina uzito kama Mkunazini, ambako Waanglikana walianza kujenga kanisa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, na sasa wanashiriki meza moja pale watu walipouzwa.