Mapafu yako bado mazima? Hiyo ndiyo sababu ya kuacha sigara sasa

Mvutaji wa miaka 30 na kitu akija kupimwa mapafu, mara nyingi majibu hutoka mazuri. Anajaza pumzi, anapuliza kwa nguvu kwenye spirometa, na karatasi inaonyesha hewa inatoka inavyotakiwa. Uso unakunjuka. Mimi ndipo kazi inaponianza, maana mazungumzo ya kuacha sigara yanakuwa magumu kuliko kama ningempa habari mbaya. Moyoni ameshapata kibali: kama bado sijaharibika, muda ninao. Nitaacha nikifika arobaini. Nitaacha presha ya kazi ikipungua.

Huyo "baadaye" ana makosa mawili, moja liko kwenye mapafu na jingine liko kwenye ubongo.

Mapafu yameumbwa na akiba kubwa. Wapo watu walioondolewa pafu zima kwa upasuaji na bado wanaendelea na shughuli zao. Akiba hiyo ndiyo inayomdanganya mvutaji, kwa sababu hatahisi kukata pumzi mpaka sehemu kubwa iwe imeshakwenda, na nyama ya mapafu yenyewe haina neva za kuhisi maumivu. Anayesubiri yaume atasubiri sana.

Tunachopima zaidi ni kiasi cha hewa unachoweza kukitoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza. Baada ya ujana kila mtu hupoteza kidogo kila mwaka, avute asivute. Tofauti iko kwenye kasi. Utafiti mmoja mkubwa ulioanza mwaka 1986 huko Marekani na Kanada ulifuatilia karibu wavutaji 6,000 waliokuwa na dalili za mwanzo za kuziba kwa njia za hewa. Miaka 11 baadaye ilionekana kwamba wanaume walioacha tangu mwanzo walikuwa wakipoteza takriban mililita 30 kwa mwaka, karibu sawa na asiyevuta. Walioendelea walipoteza takriban 66. Piga hesabu ya miaka 20 kwa kasi hizo: ni mililita 700 na zaidi za ziada, wakati mwanamume wa kimo cha kawaida huwa na kama lita nne tu za kuanzia.

Ukiacha, kasi hiyo hushuka. Kilichokwisha kupotea hakirudi, kwa sababu kuta za vifuko vya hewa zikishabomoka mwili hauzijengi upya. Sindano hakuna, kidonge hakuna. Nina wagonjwa wa miaka 60 walioacha kwa ushujaa mkubwa, na ninachoweza kuwafanyia ni kuwasaidia kulinda kile kilichobaki. Kwa hiyo kipimo kizuri katika umri wa miaka 33 maana yake ni kwamba bado una kingi cha kulinda. Hakisemi lolote kuhusu kasi yako. Si kila mvutaji anapata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, hilo ni kweli, lakini sina kipimo cha kuaminika cha kukwambia mapema kama wewe umo au haumo.

Viungo vingine vina huruma zaidi. Kaboni monoksaidi inaisha kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, na hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua karibu nusu ndani ya mwaka hivi. Ila moyo nao una masharti yake: haukubali kupunguziwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Ndiyo maana nikisikia "daktari, siku hizi navuta mbili tu" nafurahi, kisha naendelea na maneno yangu yaleyale.

Kuhusu saratani, kuna matokeo ya mwaka 2020 ambayo bado yananishangaza. Watafiti walisoma vinasaba vya chembe hai (seli) moja moja za utando wa njia za hewa. Kwa wavutaji chembe nyingi zilikuwa zimejaa makovu ya moshi. Kwa walioacha, hadi asilimia 40 hivi ya chembe zilikuwa zile ambazo karibu hazina tofauti na za mtu asiyewahi kuvuta; kumbe zilikuwepo muda wote, na moshi ulipoondoka zikazaliana. Hata hivyo chembe zilizoharibika hazitoweki zote. Hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta baada ya miaka kama 10, na haifiki sifuri. Kila mwaka wa ziada wa kuvuta unaongeza idadi ya chembe zilizoharibika zitakazobaki.

Sasa takwimu ambayo watu hupenda kuigeuza. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona utafiti wake wa kwanza unaelekea wapi. Matokeo ya miaka 50 yalitoka mwaka 2004: aliyeendelea kuvuta maisha yote alikufa, kwa wastani, miaka kama 10 mapema. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa takriban 3 kati ya hiyo, mwenye 50 aliokoa 6, mwenye 40 aliokoa 9, na mwenye 30 karibu yote.

Mjanja atasema: vizuri, basi nivute hadi 39 nipoteze mwaka mmoja tu. Nimeulizwa hivyo uso kwa uso, na mwulizaji hakuwa anatania. Kwanza, huo ni wastani. Ndani yake wamo waliopata mshtuko wa moyo wakiwa na 38. Pili, utafiti uliofuatilia zaidi ya wanawake milioni moja Uingereza ulionyesha kwamba walioacha wakiwa karibu na miaka 40 bado walikuwa na hatari ya kufa kubwa kwa takriban asilimia 20 kuliko ambao hawakuvuta kabisa. Tatu, na hapa ndipo lilipo kosa la ubongo, anayetoa ahadi leo anadhani mtu wa miaka 39 atakayeitimiza atakuwa na uhuru uleule alio nao yeye leo.

Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 hadi 20. Inashika vipokezi vyake, dopamini, kemikali ya ubongo ya kujisikia raha, inamwagika, na ubongo unaandika: hili lirudiwe. Chukua mvutaji wa sigara 20 kwa siku, kila sigara mivuto 10. Hiyo ni mivuto 200 kwa siku, zaidi ya 70,000 kwa mwaka. Sijui somo lingine ambalo binadamu hulirudia mara nyingi namna hiyo. Na halirudiwi hewani tu. Linafungwa na kumaliza kula, kupokea simu, kukasirishwa, kusubiri gari, kukaa na rafiki fulani. Miaka mitano ya kuahirisha inakaza kila fundo la hayo.

Wakati huohuo vipokezi vinaongezeka idadi. Nusu ya nikotini huondoka mwilini kwa saa mbili hivi, kwa hiyo usiku kucha kiwango kinashuka na asubuhi vipokezi vinadai. Utulivu wa ile sigara ya kwanza kwa sehemu kubwa ni kuzima arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, iliyoletwa na sigara ya jana. Ndiyo sababu swali langu la kwanza halihusu idadi. Nauliza: ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha? Swali hilo limo kwenye dodoso la Fagerström tunalolitumia kupima uraibu, na anayewasha ndani ya nusu saa nafahamu atahitaji dawa, hata kama anajiona mvutaji mdogo.

Arosto yenyewe ina sura inayojulikana: hasira za karibu, akili kutotulia, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, huzuni. Huwa kali zaidi siku chache za mwanzo, kisha hulegea ndani ya wiki tatu au nne. Uzito huongezeka, kwa wastani kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, na sioni faida ya kuwaficha watu hilo. Kuna na jambo la kahawa ambalo wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja kafeini. Ukiacha, vikombe vilevile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, usingizi unakimbia, na lawama zote zinaangukia kuacha sigara. Punguza kahawa wiki hizo. Na kama unatumia teofilini (dawa ya pumu) au klozapini (dawa ya ugonjwa wa akili), mwambie daktari wako kabla hujaacha, maana dozi itabidi ishushwe.

Wanaojaribu bila msaada wowote, kati ya 100 hubaki 3 hadi 5 ambao miezi sita hadi mwaka baadaye hawavuti. Nikiwaambia wagonjwa namba hiyo wengine wanavunjika moyo. Mimi naiona kama sababu ya kutowaachia wapambane kwa mikono mitupu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba unaopendekeza vidonge vya kusaidia kuacha, yaani varenikilini, sitisini na bupropioni, na nikotini ya tiba, yaani plasta, chingamu na kadhalika, pamoja na ushauri. Plasta hutoa nikotini polepole kupitia ngozi, bila lami na bila kaboni monoksaidi. Kosa ninaloliona kila mara ni dozi ndogo iliyoachwa mapema: mtu anabandika wiki mbili, anajisikia nafuu, anabandua, na mwezi haujaisha karudi kwenye pakiti. Maliza wiki 8 hadi 12. Ukiwa na uraibu mkubwa, plasta peke yake haitoshi. Iongezee chingamu kwa ajili ya zile dakika za kiu kali.

Kama utatumia varenikilini, unaianza wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha, hivyo chagua tarehe kwanza ndipo uje. Isiwe mbali. Na ukiteleza ukavuta moja, usibandue plasta wala kutupa vidonge kwa kuona umeshaharibu. Endelea na dozi ya siku hiyo, kisha mpigie simu anayekutibu umweleze ilikuwa saa ngapi na ulikuwa na nani, kwa sababu ni hapo tutakapopangia wiki inayofuata.