Jeni Bila Swichi Yake Haifanyi Kazi

Watu wengi wakisikia mmea umebadilishwa kijenetiki, hudhani kazi yote ni kuchukua jeni huku na kuipandikiza kule. Kupandikiza kuliwezekana tangu 1983, kwa msaada wa Agrobacterium, bakteria wa udongoni ambaye kwa asili yake huingiza kipande cha DNA yake katika seli za mmea na kuufanya uvimbe shinani. Watafiti waliondoa jeni za uvimbe, wakaweka walizozitaka wao. Kinachotuumiza kichwa hadi leo ni kuiongoza jeni ikishaingia: iwake lini, kwenye mzizi au kwenye jani, na kwa nguvu kiasi gani.

Kazi hiyo ni ya promota, kipande cha DNA kinachoitangulia jeni, nacho ndicho swichi yake. Kwa miaka mingi tulitegemea mno promota moja, 35S, iliyotoka kwa virusi vya mozaiki ya koliflawa. Ina nguvu, ila huwasha jeni karibu mmea mzima, usiku na mchana. Ukiitumia kwa jeni ya kukinga mizizi dhidi ya minyoo fundo, mmea unatengeneza protini hata kwenye maua, ambako haina kazi. Kwangu mimi, swali la kwanza kuhusu mmea wowote wa aina hii ni swichi gani imetumika.

Ndiyo maana siku hizi tunaunda promota mpya, kali na za wastani, za mzizi pekee au za kuitikia ukame. Kuziunganisha na jeni kulikuwa kazi ya kuchosha mpaka mbinu ya Golden Gate ilipotolewa mwaka 2008. Kimeng'enya kiitwacho BsaI hutafuta herufi GGTCTC kwenye DNA, lakini hukata pembeni yake na kuacha ncha ya herufi nne, na herufi hizo tunazichagua wenyewe ili vipande vyenye ncha zinazolingana vishikane. Mwaka 2015 watafiti wa mimea walikubaliana ncha za pamoja. Promota huungana na jeni kwa AATG, na humo ATG ndiyo alama ya kuanza kutengeneza protini. Kipande kilichotengenezwa maabara moja sasa kinaingia barabara kwenye kazi ya maabara nyingine. Makubaliano hayo nayathamini kuliko mashine yoyote tuliyo nayo.

Kupima nguvu ya promota nako kuna raha yake. Tunatumia Nicotiana benthamiana, jamii ya tumbaku yenye asili ya Australia. Unageuza jani, unabana bomba la sindano lisilo na sindano upande wa chini, kidole kikiegemeza upande wa pili. Ukisukuma taratibu, maji yenye bakteria hupenya kwenye vitundu vya kupumulia, na doa la kijani kilichoiva hutambaa mpaka likomee kwenye mshipa. Baada ya siku tatu hivi tunapima mwanga, kwa sababu promota tumeiunganisha na jeni ya kimulimuli. Kando yake huwekwa jeni ya pili ya mwanga, ya kiumbe wa baharini, yenye promota isiyobadilishwa. Majani hayafanani, kwa hiyo tunalinganisha mwanga mmoja na mwingine.

Promota iliyong'ara hapo inaweza kufifia kwenye ngano. Agrobacterium huipachika jeni popote, na pengine mmea huizima kabisa. Kwa hiyo tunaotesha mimea mingi yenye jeni ileile, tunasubiri mbegu, kisha tunapima upya watoto wake.