Nanokompositi inayopitisha joto na kuzuia umeme ni nini?

Ukifungua inveta ya sola au pawa saplai ya kompyuta, utakuta transista zimebanwa kwenye bamba la alumini lenye mapezi. Katikati huwa pamewekwa kipande chembamba, laini kama mpira. Mafundi wa zamani waliweka hapo ulanga uliopakwa grisi nyeupe pande zote mbili. Kazi ya kipande hicho ni kuruhusu joto lipite kwenda kwenye bamba na kuuzuia umeme. Mgongo wa transista mara nyingi umeunganishwa na mguu wake mmojawapo, hivyo bila kizuizi bamba zima lingeweza kubeba mamia ya volti.

Nanokompositi ya aina hii ni mrithi wa ulanga ule: ni epoksi (aina ya plastiki inayoganda ikawa ngumu) au silikoni (inayofanana na mpira) iliyochanganywa na chembe za madini ambazo walau kipimo chake kimoja, tuseme unene, hakizidi nanometa 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Ugumu unaanzia kwenye metali. Humo elektroni huru ndizo zinazobeba umeme, na hizohizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto. Tangu mwaka 1853 wanafizikia Wajerumani Wiedemann na Franz walionyesha kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri pia, karibu kwa uwiano uleule. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha wati 400 hivi kwa mita kwa kelvini (kelvini moja ni sawa na tofauti ya nyuzi moja ya Selsiasi). Epoksi inazuia umeme barabara, lakini kiwango chake cha joto ni 0.2 tu.

Bahati nzuri, joto lina njia nyingine. Katika fuwele yenye atomi nyepesi zilizoshikamana kwa nguvu, atomi hupokezana mitikisiko ambayo wanafizikia huiita fononi. Almasi haina elektroni huru za kutajika, ila hupitisha joto mara tano hivi ya shaba. Kwa kuwa ni ghali, viwanda hutumia alumina (oksidi ya alumini), nitridi ya alumini au nitridi ya boroni. Oksidi ya berili nayo ni hodari sana, lakini vumbi lake huharibu mapafu, kwa hiyo wengi wanaikwepa.

Nitridi ya boroni ndiyo inayozungumzwa zaidi siku hizi. Ina matabaka kama kinywe (grafiti), yale madini ya Mahenge, ila ni nyeupe na haipitishi umeme. Joto likifuata tabaka, kiwango hufika mamia ya wati. Likilazimika kukatiza matabaka, hushuka hadi wati chache tu. Ukikandamiza mchanganyiko wakati wa kuutengeneza, vibapa vyake, yaani chembe zake bapa, hulala, na joto hukimbilia pembeni wakati wewe ulitaka lipande juu.

Halafu kuna hesabu ya mwanafizikia Maxwell, ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Chembe za mviringo zikiwa asilimia 30 ya ujazo, zimetawanyika bila kugusana, mchanganyiko hauwezi kuzidi mara 2.3 ya epoksi tupu, hata chembe zingekuwa za almasi. Kinachohitajika ni chembe kugusana na kufanya njia isiyokatika. Lakini ukiongeza chembe kupita kiasi, mchanganyiko unakuwa kama uji uliozidiwa unga: haumiminiki tena, na ukikauka huwa rahisi kupasuka.

Hapo ndipo neno “nano” linapotumika vibaya kwenye matangazo. Mwaka 1941 mwanafizikia wa Kisovieti Pyotr Kapitsa alipima jinsi halijoto inavyoruka ghafla kwenye mpaka wa metali na heli kimiminika. Kila mpaka kati ya vitu viwili hukwamisha joto kwa namna hiyo, na kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo mipaka inavyozidi. Kwa maoni yangu, udogo peke yake si sifa. Chembe za nano hufaa zaidi zikijaza mianya kati ya chembe kubwa, au zikiwa vibapa vyembamba lakini vipana, vilivyopangwa kuelekea upande joto linakotakiwa kwenda.

Kwa mnunuzi, tazama pia unene. Kipande chenye kiwango cha wati 3 kwa mita kwa kelvini na unene wa milimita 0.2 hupitisha joto kwa urahisi kuliko cha wati 6 chenye unene wa milimita 1. Ila kadiri kinavyokuwa chembamba ndivyo kinavyostahimili volti chache, kwa hiyo unene usomwe pamoja na volti kinazostahimili.