Chonge ya Chini Huanzia Wapi

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba mtoto wa miezi 6 ameota meno ya plastiki, na yasipong'olewa hatapona kuhara. Aliyeniambia ni mtu aliyesoma, na ndiyo sababu naandika.

Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe kinachovimbisha ufizi kwenye kona ya taya la chini ni chonge ya utoto. Taji lake, yaani sehemu ya jino inayoonekana mdomoni, lilianza kujengeka mimba ikiwa ya miezi 5 hivi, hukamilika karibu na miezi 9 baada ya kuzaliwa, na jino huchomoza kati ya mwezi wa 16 na wa 20. Anayechimba ufizi kwa wembe au spoki ya baiskeli kabla ya hapo anachopoa jino changa. Halafu anawaonyesha wazazi: tazameni, laini, halina mzizi, si jino hili! Chonge yoyote ya umri ule iko hivyo.

Kuhara kuna sababu zake. Umri ule mtoto anaanzishiwa uji, anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, na kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua. Mpeni ORS na zinki, aendelee kunyonya, na akiwa na homa apimwe malaria. Kuchimbwa kunamwongezea kutokwa damu, usaha, hata pepopunda.

Mimi nataka tukae kwenye jino ambalo mchimbaji halioni.

Chonge ya ukubwani haingoji ya utoto ing'oke ndipo ianze. Chipukizi lake hutokea upande wa ulimi, nyuma ya lile la utoto, mtoto angali tumboni. Huanza kuwa gumu akiwa na miezi 4 au 5. Rudia kusoma umri huo. Ndio uleule wa watoto wanaopelekwa kuchimbwa, na wakati huo machipukizi yote mawili yamekaribiana ndani ya mfupa mwembamba. Spoki haiwezi kuchagua. Ndiyo maana miaka 10 baadaye sisi madaktari wa meno tunakuta chonge haipo kabisa, au enameli yake, ganda gumu la nje, ina mashimo, au umbo limeharibika, au imelala pasipo mahali pake, na wakati mwingine jino la mbele lililo jirani nalo limeumia.

Baadaye jino la utoto hupanda, taya linakua kwenda juu, na chonge ya ukubwani inabaki chini. Kwenye miaka 6 au 7, taji lake linapokamilika, eksirei huionyesha karibu na ukingo wa chini wa taya, chini kuliko majirani zake wa pande zote mbili. Kutoka huko hupanda hadi kuchomoza kwenye miaka 9 hadi 11. Kwa hiyo mzazi anayesema chonge ya kijana wa miaka 13 imepinda kwa sababu jino la utoto lilichelewa kung'olewa, mara nyingi anaangalia mwisho wa jambo lililoanza zamani sana, huko chini.

Si kila chonge iliyopotea ilichimbwa. Kuna zinazolala chali chini ya mizizi ya meno ya mbele na kuvuka katikati ya kidevu hadi upande wa pili. Ni nadra, lakini zipo. Neva yake haihami: ni mbuzi aliyeingia shamba la jirani huku kamba ingali kwenye kigingi cha nyumbani. Chonge ya kulia ikikutwa kushoto, ganzi ya kulia ni lazima. Madaktari wenzangu mlio wachanga kazini, msilisahau hili.

Mtafiti Mupparapu alizigawa chonge hizo zinazohama katika aina 5 mwaka 2002. Mgawanyo huo unatufaa sana, ila unaeleza jino limelala wapi, haufiki kule lilikoanzia. Kama sababu, vitabu vinataja uvimbe wa maji, odontoma (uvimbe wa tishu za jino), kuumia, chipukizi kukaa vibaya tangu mwanzo, na vinaorodhesha kana kwamba ukiwa na kijana mbele yako utachagua moja. Mara nyingi huwezi. Picha ya kwanza hupigwa jino likiwa limekwishalala, na kama chipukizi lilikaa upande tangu mwanzo au liliinama baadaye, picha ile haisemi. Fani yetu bado inabishana juu ya hili, na mgonjwa ana haki ya kujua.

Kwenye miaka 9 au 10 pitisha kidole nje ya ufizi wa chini wa mwanao. Kivimbe cha chonge hupapasika pande zote mbili. Upande mmoja ukiota na mwingine ukabaki kimya miezi mingi, apigwe eksirei hata kama hasikii maumivu, kwa sababu chonge iliyolala mara nyingi haiumi. Mapema tunaweza kuivuta. Ikishalala kabisa tunabaki na upasuaji au kuifuatilia tu.

Na kama alichimbwa akiwa mchanga, tuambieni. Bibi aliyempeleka alikuwa anamhangaikia mjukuu, na hakuna atakayemfokea kliniki. Tunahitaji kujua ni upande gani, na alikuwa na miezi mingapi.