Madirisha ya Mtwara: Yanayosemwa Dukani na Yanayotokea Ukutani

Korosho zikishauzwa, nyumba zilizokaa miaka na matundu matupu huanza kupata madirisha. Maneno nayo huanza. Fundi ana lake, muuza vioo ana lake, shemeji aliyejenga Dar naye ana lake. Nimesimamia nyumba ya mama kule Shangani, kisha yangu ya Chuno, na mengine kati ya haya niliyaamini kwa hela yangu mwenyewe.

“Alumini haishiki kutu. Ukishaweka, umesahau.”

Nusu yake ni kweli. Alumini haitoi kutu nyekundu kama nondo. Lakini upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikilala juu ya alumini muda mrefu huitoa unga mweupe na kuichimba vishimo vidogo vidogo. Balaa zaidi liko kwenye vidude vidogo: skrubu, rola, lachi. Dirisha la chumbani kwa mama liligoma kufunguka mwaka wa tatu tu. Tulipolishusha, fremu ilikuwa nzima. Skrubu ndiyo ilikuwa imebaki kichwa. Nilipoigusa kwa bisibisi ikamong'onyoka kama biskuti iliyolowa chai, na tundu lake limezungukwa na ule unga mweupe. Skrubu ya chuma cha kawaida huoza yenyewe, na ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini nayo huliwa hapo hapo.

Kwa hiyo mwambie fundi mapema kwamba unataka skrubu za stenlesi, na uzione kabla hazijaingia ukutani. Kisha osha fremu na reli kwa maji baridi mara kwa mara. Maji ya bomba au ya mvua, si ya kile kisima cha karibu na ufukwe ambacho hata chai yake ina chumvi.

“Slaidi za kisasa zinaingiza hewa kuliko luva za kizamani.”

Hapa ndipo wengi tumeliwa. Chukua dirisha la futi 5 kwa 5, yaani futi za mraba 25. Slaidi ya vipande viwili, hata uisukume mpaka mwisho, inakuachia 12 na nusu, kwa sababu kioo kimoja kinasimama nyuma ya kingine. Wavu wa mbu nao unapunguza tena. Luva, vile vipande vya kioo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, zikifunguka, karibu tundu lote ni la upepo. La kufunguka kwa bawaba kama mlango pia linakupa karibu lote. Luva zina kasoro zake: vumbi linapenya, mwizi anachomoa kioo kimoja kimoja, na mvua ya upepo haizuiliki vizuri. Lakini mwenye slaidi asiniambie habari ya hewa saa nane mchana mwezi wa kumi na mbili.

Kabla ya aina, angalia upande. Sisi tunapigwa na kusi kutoka kusini katikati ya mwaka, halafu kaskazi kutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba hivi. Chumba chenye tundu kusini na jingine kaskazini kinapata hewa misimu yote, na upepo unapita kwa sababu una pa kutokea. Dirisha moja kubwa peke yake halifanyi kazi hiyo. Jua nalo lina hesabu yake. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa juu, na paa lililotokeza vizuri linakinga kuta za kusini na kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka. La magharibi halikingiki kwa paa. Saa kumi linaingia limelala, mpaka kitandani. Upande huo weka dirisha dogo, au choo.

“Weka tinti, joto litaisha.”

Kioo cha tinti hunyonya joto la jua, kikapashika, kisha kikarudisha sehemu yake ndani. Kiguse jioni uone. Chumba kinakuwa giza, unawasha taa mchana. Kivuli cha nje, iwe kibaraza, shata ya mbao au mwembe, kinalizuia jua kabla halijafika kwenye kioo. Pazia la ndani linalipokea likiwa limeshaingia.

“Nimeweka nyavu madirisha yote, malaria basi.”

Mbu wa malaria hupenda sana kuingilia ule mwanya kati ya ukuta na paa. Ziba na huo, na chandarua usikitupe.

“Kutoa dirisha la zamani ni nyundo tu.”

Ukipiga nyundo kwanza, utatoa dirisha pamoja na plasta ya nusu ukuta. Toa vioo kwanza, glavu mkononi. Kata plasta pembezoni mwa fremu, ikate fremu yenyewe katikati kwa msumeno, ndipo uvute vipande kuelekea ndani ya tundu. Ukiona ufa kwenye lenta, ile boriti iliyo juu ya tundu, simama, usipanue tundu. Nyumba kongwe za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, usizizibe kwa saruji: saruji hufungia unyevu ukutani, chokaa huuachia. Na fremu ya mninga isiyoliwa na mchwa usiichome kuni, tafadhali.

“Pakivuja, silikoni itaziba.”

Kizingiti cha nje kikiinamia ndani, mrija mzima wa silikoni hautakusaidia. Kiinamie nje. Reli ya chini ya slaidi ina vitundu vidogo upande wa nje, kazi yake kutoa maji ya mvua. Fundi wangu aliviona akadhani ni kasoro ya kiwandani, akaviziba vyote, tena kwa ustadi! Mvua ya Februari ilijaa kwenye reli kama kwenye hori, ikafurika ndani, ikashukia godoro.

“Kimbunga kikija fungua madirisha, upepo upite, paa lisiruke.”

Ni kinyume chake. Upepo ukiingia ndani unalisukuma paa kutoka chini, huku ule wa juu ukilinyanyua. Funga yote, na penye vioo pigilia mbao kwa nje. Utepe wa gundi uliobandikwa kwenye kioo kwa umbo la X hauzuii kioo kuvunjika. Na wasioamini kwamba vimbunga vinatuhusu: Lindi ilipigwa Aprili 1952, Kenneth kilitua kwa jirani zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, na Hidaya kikaja pwani yetu Mei 2024.

“Grili ikichomelewa pande zote, umelala salama.”

Salama kwa mwizi. Moto ukianzia sebuleni, hiyo grili inakufungia wewe. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau grili moja ya bawaba na kufuli, ufunguo ukining'inia ndani, mbali na mkono wa mtu wa nje lakini karibu na wa mtoto. Kwa mama uko kwenye msumari nyuma ya kabati. Mjukuu akija likizo, bibi yake humzimia taa na kumwambia aifungue kwa kupapasa, kabla hajamtandikia.